Kompyuta Mpakato Kabla ya Shule ya Kiangazi: Matayarisho Yanayomlinda Mwanafunzi na Mgonjwa

Miongoni mwa nafasi ambazo mhudumu wa afya anaweza kuzipata akiwa bado kazini ni shule fupi za kisayansi. Haya ni mafunzo ya wiki moja au mbili yanayowakusanya wauguzi, matabibu, wataalamu wa maabara na watafiti chipukizi ili wajifunze kuchambua takwimu za magonjwa, kusoma vinasaba vya vimelea au kufuatilia milipuko kwa ramani. Ulaya huitwa shule za kiangazi kwa sababu hufanyika katika msimu wao wa joto, vyuo vikiwa vimefungwa. Hapa Dar es Salaam miezi hiyo ya Juni, Julai na Agosti ni ya kipupwe, lakini jina limekwisha kuzoeleka. Barua ya mwaliko aghalabu huwa na sentensi moja fupi ambayo wengi huipitia haraka: mshiriki aje na kompyuta mpakato iliyo tayari kwa kazi.

Neno hilo "tayari" lina uzito kuliko linavyoonekana. Kompyuta inayowaka na kufungua barua pepe bado haijawa tayari. Matayarisho yanayofanywa nyumbani kabla ya safari huamua mambo mawili. La kwanza ni iwapo mshiriki atajifunza alichokifuata, au atapoteza siku mbili za mwanzo akihangaika na mashine wakati wenzake wanasonga mbele. La pili, ambalo huzungumzwa kwa nadra, ni iwapo siri za wagonjwa aliowaacha kituoni zitabaki kuwa siri. Kwa sababu hiyo makala haya yanawahusu wahudumu wa afya na wagonjwa kwa pamoja.

Mhudumu wa Kiwalani na takwimu zake

Tumchukue, kwa mfano, muuguzi anayefanya kazi Kiwalani, kata ya Wilaya ya Ilala iliyo jirani na Vingunguti na Yombo. Huenda hajawahi kujiita mtakwimu, lakini kutwa nzima anaandika takwimu: uzito wa mtoto, tarehe ya chanjo, kipimo cha malaria, hudhurio la mama mjamzito. Huziandika katika rejesta za MTUHA, na mwisho wa mwezi majumlisho huingizwa katika DHIS2, mfumo wa kielektroniki uliotengenezwa chini ya uongozi wa Chuo Kikuu cha Oslo nchini Norway na ambao sasa unatumika Tanzania nzima.

Takwimu hizo hupanda kwenda wilayani na wizarani. Kinachokosekana mara nyingi ni mtu wa kituoni hapo hapo mwenye uwezo wa kuziuliza maswali. Kwa nini akina mama wengi huja kliniki mara ya kwanza na wachache hufika hudhurio la nne? Ni watoto wa mitaa ipi wanaokosa chanjo ya pili? Shule fupi ya kisayansi humpa mhudumu zana za kujibu maswali ya namna hiyo kwa takwimu zake mwenyewe.

Mfano wa manufaa yake uko karibu. Tangu mwaka 2004 wataalamu wa Muhimbili wamekuwa wakiwafuatilia maelfu ya wagonjwa wa selimundu, ugonjwa ambao inakadiriwa kuwa watoto wapatao 11,000 huzaliwa nao kila mwaka nchini Tanzania. Selimundu hutokana na kubadilika kwa herufi moja tu ya kinasaba kinachoelekeza utengenezaji wa himoglobini, ilhali vinasaba vyote vya binadamu vina herufi zipatazo bilioni 3. Kazi ya kutafuta herufi moja ndani ya wingi huo, na kuihusisha na homa, upungufu wa damu na maumivu ya mgonjwa, haiwezi kufanywa kwa kalamu na karatasi. Hufanywa kwa kompyuta, na watu wa kuifanya hapa kwetu bado ni wachache.

Mashine ya namna gani inatosha?

Wengi hudhani kwamba bila kompyuta mpya ya bei kubwa hawataweza kushiriki. Sivyo. Katika shule nyingi za sayansi kazi nzito hufanywa na kompyuta kubwa za chuo, na mashine ya mshiriki huwa dirisha la kuzifikia. Kompyuta iliyotumika, kama zile zinazouzwa Kariakoo, inaweza kutosha kabisa iwapo itakaguliwa kwa makini kabla ya fedha kutoka mfukoni.

Kagua mambo manne. Kwanza ni kumbukumbu ya kufanyia kazi, ambayo wauzaji huiita RAM: GB 8 ni kiwango cha kuridhisha, na GB 4 itakuchelewesha. Pili ni diski: chagua ya aina ya SSD, kwa kuwa ni ya haraka na haina sehemu zinazozunguka ndani ambazo huharibika kwa mitikisiko ya daladala. Hakikisha ina nafasi tupu ya angalau GB 50. Tatu ni betri: ichomoe mashine kwenye umeme, ifanyie kazi kwa saa moja, uone imeshuka kiasi gani. Nne ni mfumo endeshi: uwe wa biti 64, na uwe bado unapokea marekebisho ya usalama. Microsoft iliacha kutoa marekebisho ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, kwa hiyo muulize muuzaji kama mashine inaweza kupokea toleo linalofuata.

Asiye na uwezo wa kununua asikate tamaa. Waandalizi wa mafunzo wengi huwa na mashine chache za kuazimisha kwa anayeomba mapema. Aliyeandika wiki nne kabla ya siku ya kwanza husaidiwa kwa urahisi kuliko anayefika mlangoni mikono mitupu.

Usisafiri na wagonjwa wako

Kabla ya kuongeza chochote katika kompyuta, kuna vitu vya kuondoa. Mashine ya mhudumu wa afya hujaa taratibu bila mwenyewe kutambua: jedwali la wagonjwa wa kisukari lililoandaliwa kwa ajili ya ripoti, picha ya ukurasa wa rejesta iliyotumwa kwa WhatsApp, majibu ya maabara yaliyopakuliwa kwa haraka. Mashine hiyo ikiibiwa katika stendi ya mabasi, mwizi ataondoka pia na majina, namba za simu na maradhi ya majirani zetu.

Hili si suala la busara pekee. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inazihesabu taarifa za afya na za vinasaba kuwa taarifa nyeti zinazohitaji ulinzi wa ziada. Sheria hiyo hiyo imeweka masharti ya kupeleka taarifa binafsi nje ya nchi. Mshiriki anayevuka mpaka kwenda Nairobi, Kigali au Cape Town na jedwali la wagonjwa ndani ya kompyuta yake amezivusha taarifa hizo, hata kama hakuwa na nia hiyo.

Je, haitoshi kufuta safu ya majina? Haitoshi. Mwaka 2000 mtafiti Latanya Sweeney wa Marekani alionyesha kwamba asilimia 87 ya Wamarekani wangeweza kutambuliwa kwa mambo matatu tu: namba ya posta ya eneo wanaloishi, jinsia na tarehe kamili ya kuzaliwa. Hapa kwetu, ambako mtaa hujuana, huenda hata tarehe isihitajike. Andika kwamba mgonjwa ni mwanamke wa miaka 34, mkazi wa mtaa fulani wa Kiwalani, aliyejifungua mapacha watatu mwezi Machi, na jina lake litatajwa na yeyote anayenunua mkaa katika genge la mtaa huo.

Utaratibu ulio salama ni huu. Taarifa rasmi za kituo zirudishwe kituoni na kukabidhiwa kwa mkuu wa kituo. Usifute kumbukumbu ambayo haina nakala nyingine, kwa maana kumbukumbu iliyopotea nayo humdhuru mgonjwa. Baada ya makabidhiano, futa nakala zilizobaki katika mashine yako, kisha usafishe na pipa la taka, kwa kuwa faili lililotupwa humo bado lipo. Pitia pia simu, flashi na barua pepe. Mwisho, ifunge diski nzima kwa ufunguo wa siri: matoleo mengi ya Windows yana zana ya kazi hiyo, na kompyuta za Apple zina FileVault. Iandike nywila ya kufungulia mahali salama nyumbani, wala isibandikwe kwenye mashine yenyewe.

Kwa mazoezi ya darasani tumia takwimu za kubuni au zile zilizotolewa hadharani kwa ajili ya kufundishia. Waandalizi wakitaka takwimu halisi kutoka kwenye kituo chako, jibu sahihi ni kuuliza kwanza kibali cha kamati ya maadili ya utafiti.

Programu ziwekwe nyumbani

Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za mawasiliano zilizolazwa chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilipata hitilafu, na intaneti ikadhoofika sana Tanzania na nchi jirani. Ofisi, benki na vyuo vilionja siku hiyo maana ya kutegemea njia moja. Darasa linalopanga kupakua programu asubuhi ya siku ya kwanza linategemea njia hiyo hiyo, na washiriki thelathini wakipakua kwa pamoja hata intaneti nzuri huzidiwa.

Kwa hiyo pakua mapema. Programu zinazotumiwa sana katika shule hizi ni za bure. R, lugha ya kompyuta ya kuchambulia takwimu, ilianzishwa na Ross Ihaka na Robert Gentleman katika Chuo Kikuu cha Auckland, New Zealand, mwanzoni mwa miaka ya 1990. Pamoja nayo huwekwa RStudio, inayorahisisha kuiandikia amri. Python, iliyotolewa na Guido van Rossum mwaka 1991, ni lugha nyingine inayopendwa. Soma orodha ya waandalizi na uweke matoleo waliyoyataja, wala si yale yaliyopendekezwa na rafiki. Hifadhi pia mafaili ya kusakinishia katika flashi safi. Yatamfaa mwenzako atakayefika bila matayarisho.

Kisha jaribu. Kusakinisha bila kujaribu ni sawa na kupokea mashine ya oksijeni na kuiacha ndani ya boksi. Fungua R, andika mean(c(2, 4, 6)) na ubonyeze kitufe cha kuingiza. Jibu likiwa 4, ambayo ni wastani wa namba hizo tatu, programu inafanya kazi. Likitokea kosa, nakili maneno yake kama yalivyo na uyatume kwa waandalizi. Maelezo kwamba "imekataa" hayamsaidii yeyote.

Somo la kuandaa mapema limekwisha kuthibitishwa barani Afrika. Mwaka 2016 mtandao wa H3ABioNet, uliokuwa ukiongozwa kutoka Chuo Kikuu cha Cape Town na ambao Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili kilikuwa mwanachama wake, uliendesha kozi ya utangulizi wa bioinfomatiki, yaani elimu ya kuchambua taarifa za kibiolojia kwa kompyuta. Washiriki zaidi ya 300 walisoma katika madarasa 20 yaliyokuwa katika nchi 10. Mihadhara ilirekodiwa na kusambazwa kabla ya kipindi, ili darasa lenye intaneti hafifu litazame video zilizokwisha kupakuliwa, huku wasaidizi wakiwa ndani ya chumba pamoja na wanafunzi.

Ujuzi wa kwanza: kujua faili liko wapi

Wakufunzi wa kompyuta husumbuliwa sana na tatizo moja dogo: mshiriki amehifadhi faili na hajui limekwenda wapi. Simu za mkononi zimetuzoesha kufungua picha bila kujua zinakaa wapi. Katika uchambuzi wa takwimu kompyuta hudai anwani kamili.

Ifikirie anwani hiyo kama ya makazi. Mgeni akitafuta nyumba huambiwa mkoa, wilaya, kata, mtaa, kisha namba ya nyumba: Dar es Salaam, Ilala, Kiwalani, na kuendelea. Faili nalo liko ndani ya folda, iliyo ndani ya folda nyingine, mpaka kwenye diski. Ukiruka ngazi moja, kompyuta itakujibu kwamba faili halipo, hata kama unaliona kwa macho. Tengeneza folda moja kwa ajili ya shule hiyo, na ndani yake tatu: takwimu, amri na matokeo. Majina yawe mafupi, yasiwe na nafasi katikati. Jina "chanjo_2024" ni bora kuliko "Takwimu zangu mpya za mwisho kabisa", kwa kuwa baada ya wiki moja hutajua ipi ilikuwa ya mwisho.

Ongeza juu ya hapo mazoezi ya kuchapa na ya kuandika amri chache za msingi. Dakika 15 kila jioni kwa wiki mbili zinatosha. Haba na haba hujaza kibaba. Maelezo yako ya pembeni unaweza kuyaandika kwa Kiswahili. Lugha yetu si ngeni katika kompyuta: mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zilizotafsiriwa kwa Kiswahili.

Tarehe moja, watoto wawili

Jedwali ni chombo kinachoaminiwa kupita kiasi. Mhudumu akiandika kwamba mtoto alizaliwa 04/11/2023, sisi husoma tarehe 4 Novemba. Kompyuta iliyowekewa mpangilio wa Marekani husoma tarehe 11 Aprili. Tofauti ni karibu miezi saba. Kwa ratiba yetu, chanjo ya surua na rubela hutolewa mtoto akiwa na miezi 9 na tena akiwa na miezi 18. Kosa hilo moja huweza kumhesabu mtoto mchanga kuwa amechelewa chanjo, au kumficha aliyechelewa kweli. Kabla ya safari rekebisha mpangilio wa tarehe katika mashine yako, na ujizoeze kuandika mwaka kwanza, kisha mwezi, kisha siku: 2023-11-04. Mpangilio huo hausomeki kwa namna mbili.

Wanasayansi wakubwa nao wamenaswa katika mtego huu. Programu ya Excel ilikuwa ikigeuza baadhi ya majina ya vinasaba, kama SEPT1 na MARCH1, kuwa tarehe za Septemba na Machi. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2016 uligundua makosa ya aina hiyo katika takriban moja ya tano ya makala za kisayansi zilizoambatanisha orodha za vinasaba za Excel. Mwaka 2020 kamati ya kimataifa inayotoa majina hayo ilitangaza kwamba imevibadilisha vinasaba majina. SEPT1 sasa huitwa SEPTIN1.

Mwaka huo huo wa 2020, nchini Uingereza, watu 15,841 waliokutwa na UVIKO-19 hawakuingia katika hesabu za kila siku kati ya tarehe 25 Septemba na 2 Oktoba. Chanzo kilikuwa mafaili ya Excel ya muundo wa zamani, ambao hauwezi kubeba zaidi ya mistari 65,536. Wagonjwa wenyewe walikuwa wamepewa majibu yao, lakini kazi ya kuwatafuta waliokutana nao ilichelewa, nao ugonjwa haukusubiri. Ndiyo maana kila baada ya kuingiza takwimu ni lazima kuhesabu mistari: kama rejesta ina watoto 212, jedwali nalo liwe na 212.

Maswali ambayo mgonjwa ana haki ya kuuliza

Mgonjwa anayesoma makala haya asidhani kwamba hayamhusu. Kila mstari wa jedwali ni mtu. Unapoombwa taarifa zako kwa ajili ya utafiti au mafunzo, uliza kwa utulivu: Zinachukuliwa kwa madhumuni gani? Jina langu na namba yangu ya simu vitaandikwa humo? Ni nani atakayezitunza, na zitatoka nje ya kituo hiki? Nikikataa, matibabu yangu yataathirika? Mhudumu aliyejiandaa vyema ana majibu ya maswali hayo yote, na la mwisho jibu lake ni hapana. Sheria inampa mwenye taarifa haki ya kujua zinavyotumiwa na ya kuomba zenye makosa zirekebishwe.

Mhudumu naye asiyachukulie maswali hayo kuwa ni utovu wa adabu. Mama anayeuliza picha ya kadi ya mwanawe inakwenda wapi anamsaidia kukumbuka jambo ambalo foleni ndefu ya asubuhi ingeweza kulisahaulisha.

Ratiba ya wiki mbili

Siku ya 14 kabla ya safari: kagua mashine na betri, na uwaandikie waandalizi kama una upungufu wowote. Siku ya 12: rudisha taarifa za wagonjwa kituoni, safisha simu na flashi. Siku ya 10: hifadhi nakala ya mafaili yako binafsi kwenye diski ya nje inayobaki nyumbani, kisha funga diski ya kompyuta kwa nywila. Siku ya 9: sakinisha programu zote na uzijaribu. Siku ya 8 hadi ya 2: dakika 15 za mazoezi kila jioni. Siku ya mwisho: chaji betri, weka chaja, waya wa kuongezea umeme na daftari ndani ya begi, na uizime mashine kabisa.

Atakayefuata ratiba hii atakaa darasani siku ya kwanza akiwa na nafasi ya kusikiliza. Akirudi kazini, na awafundishe wenzake wawili jambo moja alilojifunza, wakianza na rejesta ya mwezi uliopita, katika kompyuta ya kituo, mlango ukiwa umefungwa.